Maji ya Radi Mbele ya Taa

Vijana wangu, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na shuka la Kimaasai. Mtu wa Kilelengwani, huku mtoni kwenye joto, na shuka la Kimaasai, jamani! Lakini nashukuru, nalitumia. Mliniomba pia niwaandikie kidogo juu ya kazi, na tangu nilipokabidhi funguo za maabara nimekuwa nikiliahirisha jambo hilo kwa visingizio vya shamba. Leo mvua imenifungia ndani, basi nakaa chini. Vyeo na mishahara sitaviandika, vinanichosha hata mimi mwenyewe.

Niliajiriwa Hola. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino, maana nilidhani maabara ni ofisi. Bosi wangu alikuwa mzee mmoja mkavu, Bwana Komora. Alinitazama miguu, akanipa ndoo na brashi ya kuoshea chupa. Nikaosha. Kesho yake, osha. Keshokutwa, osha tena. Cheti changu cha chuo kilikuwa kwenye mkoba, na kila nikienda kunywa chai nilikuwa nakichungulia kuhakikisha bado kipo. Nilipouliza nitaanza lini kupima, Bwana Komora alisema, "Binti, unaosha kama mtu anayewahi harusi. Ukipunguza mwendo tutazungumza."

Siku tulipozungumza alinipa makatazo matatu. Usionje sampuli. Usinuse sampuli. Na usimwamini dereva anayekuapia kwamba chupa hazikukaa juani. Hayo mawili ya kwanza yalinilinda mapafu na tumbo. Hilo la tatu limeniharibia urafiki na madereva wote wa kaunti, na sijutii.

Wakati ule tulipima kwa macho. Unatia dawa, maji yanageuka rangi, unalinganisha na vioo vya rangi dirishani. Maji ya mifereji ya mashamba, ya visima, ya mto wenyewe. Mto Tana ukishuka na matope yake unafanana na chai ya maziwa, na kuona rangi ndani ya chai ya maziwa, hiyo kazi waachie wachawi. Tulichuja, tukasubiri, tukachuja tena. Nilijifunza subira kwa lazima, kwa sababu kwa asili mimi si mtu wa subira. Mume wangu atawaambia.

Nilipohamishiwa Garsen nilikuta chumba cha mabati na friji moja iliyokuwa inanguruma kuliko jenereta. Joto lile la mabati mnalijua. Hapo ndipo ilipoletwa spektrofotometa, ile mnayoiita "taa ya Madam". Sitawafundisha mnachojua, lakini kuna watu wa nyumbani watakaosoma hapa, kwa hiyo nieleze. Ndani mna taa inayotoa mwanga ambao jicho halioni. Maji yanatiwa kwenye kikombe kidogo cha kioo maalumu, mwanga unapita kati, na upande wa pili mashine inatazama ni mwanga gani umefika na upi umeliwa njiani. Kila kitu kilichoyeyuka majini kina namna yake ya kula mwanga. Kompyuta inachora mstari wenye vilima na mabonde, na wewe kazi yako ni kuusoma huo mstari na kusema ndani mna nini.

Niliipenda mashine ile kuliko ilivyofaa. Mjusi aliwahi kuingia ndani akataga mayai karibu na taa, akapata joto la bure, na mimi nikahangaika na kilima cha ajabu kilichotokea kila asubuhi na kupotea kila jioni. Umeme ukikatika katikati ya kupima nilikuwa naropoka maneno ambayo mchungaji wetu hayajui. Na mnakumbuka nilivyowakataza kuizima taa na kuiwasha hovyo. Mliniona mchoyo, lakini nyinyi hamjawahi kungoja taa mpya itoke Nairobi.

Sasa nifike kwenye Radi.

Mradi mmoja wa maji ulikuja na kifaa kinachopiga hewa umeme juu ya maji mpaka hewa inawaka rangi ya zambarau na kulia zzz, kama samaki kwenye mafuta ya moto. Wenyewe waliita plazma. Watu wa Tarasaa walikiangalia mara moja tu wakakiita Radi, na maji yake wakayaita maji ya radi. Hawakukosea, maana radi ndogo ndiyo hiyo hiyo. Maji yakishapigwa yanakuwa na ukali kidogo wa asidi na ndani yake vinazaliwa vitu vitatu. Kuna peroksaidi, ile ya kuoshea vidonda, inayoua vijidudu. Kuna nitrati, ambayo miche inaipenda kwa sababu ndiyo mbolea yenyewe. Na kuna nitriti, ndugu yake nitrati, ambayo ikizidi haifai kunywewa, hasa na mtoto mchanga, kwa kuwa inaizuia damu yake kubeba hewa. Kituo kiliwekwa nje kidogo ya Tarasaa kwa kikundi cha kina mama, Wapokomo, Wagiriama na Waorma pamoja, wamwagilie vitalu vya nyanya na mipapai na kuosha mboga za kuuza. Kunywa, hapana. Kibao kiliandikwa hivyo.

Tatizo la vitu hivi vitatu ni kwamba vinakula mwanga mahali pamoja. Wazia watu watatu kwenye sinia moja la wali. Unaona wali umepungua, lakini nani kala kiasi gani? Sisi Garsen tulikuwa tunachora mstari, tunautuma Nairobi, na huko programu ya kompyuta inagawanya. Nitrati kiasi hiki, peroksaidi kiasi hiki, nitriti kiasi hiki. Ilikuwa programu nzuri. Aliyeuleta mradi kwetu, Injinia Wambui, binti mpole anayecheka kwa mkono mdomoni, aliijua vizuri na alinifundisha bila kuringa.

Miezi ya mwanzo hesabu zilitulia. Kisha zikaanza kupanda, hasa nitriti. Ikapanda, ikapanda, mpaka wakubwa wa mradi wakasema kituo cha Tarasaa kifungwe kwa muda, na kina mama waelezwe hatari yake. Mkutano ukaitishwa. Ofisa mmoja akasoma karatasi: maji haya yana nitriti nyingi, yanaweza kumzuia mtoto mchanga kupumua, midomo ikawa ya buluu. Alisoma kwa nia njema, na alisoma kwa sauti kubwa ili walio nyuma wasikie.

Siku chache baadaye nilifika kazini nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi la nje, amejifunga mtandio mweusi, ametulia tuli. Nilimfahamu. Alikuwa Halima, Mworma, muuza maziwa, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kituo na ndiye aliyetuletea sampuli. Tukasalimiana kwa Kiorma, nagaa, nagaa, nikamwambia aingie. Alikataa chai. Mworma akikataa chai yako, jiandae.

"Daktari," akasema, maana kwao kila mwenye koti jeupe ni daktari, "maji hii inaua mtoto?"

Nikaanza kumweleza kiasi na kipimo, akanikatiza.

"Mimi nilimpa mtoto. Mtoto ya Fatuma. Fatuma maziwa yake ilikuwa kidogo, mimi nachanganya ya unga. Maji ya mto ina matope, ya kisima ina chumvi. Nyinyi mlisema maji ya radi inaua wadudu. Nikasema basi hii ndiyo safi. Nikampa."

Fatuma ni binti yake. Mtoto alikuwa wa kiume, alipata homa wakati wa mvua, wakampeleka zahanati, na hakurudi. Walikuwa wameshamzika na kumwachia Mungu. Halafu ikaja karatasi ya mkutano.

Nikamuuliza, kwa sababu ilinibidi, "Midomo yake, mamangu, ilikuwa na buluu?"

Akafikiri sana. "Sijui. Mimi nilikuwa natazama macho yake."

Akaendelea, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Fatuma alikuwa mkutano. Toka siku ile hasemi na mimi. Anapika, ananiwekea chakula, anaenda. Hatukani. Afadhali angetukana. Wewe una taa ya kuona ndani ya maji. Niambie tu. Kama ni mimi, niambie."

Ningetaka kumwambia pale pale kwamba si yeye. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini sikujua, na kumdanganya mtu kama yule ni kumtukana. Nikamwambia, "Nipe nafasi nitazame vizuri. Nitakuja mwenyewe Tarasaa nikwambie, liwe lolote." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka kwenda kutafuta gari la kurudi.

Nikampigia Wambui simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nakuja." Tukaketi mbele ya kompyuta tukafungua mistari yote ya Tarasaa tangu mwanzo, pamoja na ile ya wiki za mvua ambazo mtoto alikuwa hai. Si hesabu za Nairobi. Mistari yenyewe, kama ilivyotoka kwenye taa.

Nitriti kwenye maji yenye asidi ina alama yake ambayo nitrati haina na peroksaidi haina. Mbali kidogo na pale wanapokula wote, inainua vilima vidogo vidogo vilivyopangana kama vidole. Programu haikutazama huko, ilitazama kwenye sinia tu. Kama nitriti ingekuwa nyingi kiasi kilichotangazwa, vidole vile vingesimama hata kipofu avione. Tukatafuta mstari baada ya mstari. Hakuna kidole. Wambui akasogeza kiti, akasema, "Mama Eliza, hii si nitriti." Na mimi nilikuwa nimeshaona jambo jingine, kilima kipana, kizembe, mahali ambapo hakuna hata mmoja wa wale watatu anayekaa. Kulikuwa na mlaji wa nne. Programu ilikuwa haijaambiwa kuna wa nne, kwa hiyo sehemu yake ya wali ikamwandikia nitriti.

Wambui alitaka tumpigie Halima saa ileile. Nikamkatalia. Wa nne ni nani? Inaweza kuwa dawa ya mashambani, inaweza kuwa plastiki ya tangi, inaweza kuwa kitu kibaya kuliko nitriti. Tungemtoa mama wa watu kwenye shimo moja tumtie kwenye jingine. Tukachukua kipimamwanga kidogo cha kubeba mkononi, mdogo wake ile taa, kompyuta, betri, chupa za kioo nilizoziosha mwenyewe polepole kama alivyotaka marehemu Bwana Komora, tukaenda Tarasaa.

Halima alitupokea uani. Fatuma alikuwa jikoni, nje ya nyumba, ametupa mgongo. Alitusalimia vizuri, lakini kati yake na mama yake palikuwa na ukimya ambao hata kuku walikuwa wanaukwepa. Nikamwambia Halima, "Mamangu, usifanye chochote cha pekee. Tuchukulie sampuli kama siku zote, sisi tutazame tu."

Akaingia ndani, akatoka na ule mtungi wa plastiki wa lita tano ambao alikuwa akitumia kutuletea maji tangu zile chupa za mradi zilipopasuka vifuniko. Akauosha kwa mchanga na maji, akausuuza, akaupindua ukauke. Nikasema moyoni, hongera, unaosha kuliko mimi nilivyokuwa siku zangu za kwanza. Kisha akaenda jikoni, akachukua kijiti kinachowaka cha ule mti wanaoupenda wao, akakipuliza moto ukazima ukabaki moshi, akaukinga mtungi juu yake. Moshi ukajaa ndani. Akaufunga kifuniko kidogo, akautikisa, akaukinga tena. Alifanya kwa utaratibu na heshima, kama anavyofanya kila asubuhi kwa vyombo vya maziwa. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua: kwa Mworma chombo ambacho hakijafukizwa ni chombo kichafu, na kumpelekea mgeni kitu ndani yake ni aibu.

Wambui alinishika mkono kwa nguvu. Nikamuuliza Halima, taratibu, "Umekuwa ukiufukiza hivi siku zote?"

"Kwanza hapana, ilikuwa chupa zenu. Huu mtungi ndiyo nafukiza. Nyinyi mmesema hesabu ni mbaya, nikasema labda mtungi haijakuwa safi. Nikaongeza moshi."

Mungu wangu! Kila tulipomwambia maji ni mabaya, alisafisha zaidi, na kila aliposafisha zaidi, hesabu ikapanda. Na sisi Garsen pua tulikuwa nazo. Lakini sampuli ilimiminwa kwenye chupa ndogo, ikapunguzwa makali kwa maji safi, na mimi ndiye niliyewakataza wote msinuse.

Halima akatufungulia kituo, hatua chache tu kutoka uani kwake, tukakinga maji kutoka bomba moja, mengine kwenye mtungi uliofukizwa, mengine kwenye chupa ya kioo. Tukarudi uani, tukapanga vitu vyetu juu ya boneti ya gari. Nikamwita Halima asogee, na kwa sauti ya kutosha kufika jikoni nikasema, "Na wewe Fatuma, kama mikono yako haina kazi, njoo utazame." Hakuja. Lakini aliacha kukoroga sufuria.

Maji ya mtungi yakapita mbele ya mwanga, kile kilima kipana kikajichora kwenye kompyuta. Maji ya chupa ya kioo yakapita. Mstari ukashuka mzuri, peroksaidi kidogo, nitrati ya kutosha miche na isiyozidi ile inayoruhusiwa hata kwa kunywa, na pale pa nitriti, karibu hakuna. Tukarudia. Tukabadilishana, Wambui akapima yeye ili isiwe ni mkono wangu. Ikawa hivyohivyo. Kisha nikafungua ile mistari ya zamani ya wiki za mvua, nikaiweka juu ya hii mipya, nikamwonyesha Halima kwa kidole. Hajui kusoma, lakini mstari hauhitaji kusoma. Aliona kwamba wa mtungi wa zamani na wa mtungi wa leo ni ndugu, na ule wa chupa uko peke yake chini.

"Hiki kilima ni moshi wa mtungi," nikasema. "Hakikuwa ndani ya maji. Kilikuwa ndani ya chombo cha kutuletea sisi. Mtoto ulimpa kwa chombo gani?"

"Kikombe. Nachukua bomba kwa kikombe chake."

"Basi maji aliyokunywa mtoto ni kama haya ya chupa. Ile nitriti ya karatasi haikuwepo. Si leo, na si wakati ule. Hesabu ilikosea, na mimi nitaenda kuisema mkutanoni mbele ya watu walewale."

Alitazama mstari muda mrefu. "Basi si maji."

"Si maji."

"Ni nini?"

Swali hilo nalikumbuka kila siku. Ningeweza kusema ni homa, ni mapafu, ni mapenzi ya Mungu. "Sijui, mamangu. Taa yangu haioni hilo. Inaona maji tu, na maji yako ni safi, na ulimpa mtoto kilicho bora kuliko vyote ulivyokuwa navyo."

Alifunika uso kwa mtandio, akakaa chini pale pale penye vumbi karibu na tairi la gari. Hakulia kwa sauti. Wambui, maskini, akaanza kukusanya nyaya kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, nikamzuia. Nilikuwa nalia mimi pia, na sikujali.

Ndipo nikasikia nyayo nyuma yangu. Fatuma alikuwa ametoka jikoni, mwiko bado mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, wala alichosikia na alichokosa. Alitupita sisi wawili bila kututazama, akasimama mbele ya mama yake. Nikaogopa. Nilidhani atauliza maswali, na yale maswali ningeyajibu vipi?

Alipiga magoti, akamfuta mama yake vumbi kwenye bega, akasema, "Mama, wageni hawajapata chai. Sukari umeiweka wapi?"

Halima akaondoa mtandio usoni. Akamtazama binti yake. "Kwa kopo," akasema. "Kwa kopo ya juu. Ngoja, mwanangu, huwezi kufika. Nitakuonyesha."

Wakainuka pamoja, wakaingia ndani.